Huku kwa Wakubwa

Jumatatu, baridi.

Ukungu umekaa mtaani kwetu Bombambili mpaka karibu saa nne asubuhi. Baridi na damu yangu havipatani. Nina sikoseli, ugonjwa wa damu niliozaliwa nao, na leo goti la kushoto lilianza kuuma kabla sijatoka kitandani.

Siku mbaya ya kuhamia kliniki ya watu wazima.

Miaka yote nimetibiwa wodi ya watoto, kwa Sista Kunegunda. Anajua mkono wangu upi una mshipa mzuri. Kwake, asiyelia akichomwa sindano hupewa boksi tupu la dawa akachezee. Mimi nilijenga mji mzima wa maboksi. Mwezi uliopita aliniambia, "Binti yangu, umerefuka. Miguu inaning'inia nje ya kitanda chetu." Akacheka. Nilijiuliza kama amenichoka.

Kwenye benchi la wakubwa nilimwamkia kila mtu kwa tabasamu, kama nilivyofunzwa. Bibi mmoja mwenye kikohozi akanitazama juu mpaka chini.

"Mjukuu wangu, umeleta mgonjwa au umekuja kututembelea?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, lakini moyoni nikasema: hapa hawataniamini.

Daktari mpya ni mama mwembamba, hana maneno mengi. Mama yangu, aliyenisindikiza, alipoanza kueleza ninavyoumwa, kama kawaida yake, daktari akamkatiza.

"Samahani mama, kakae kwenye benchi. Nataka kumsikia mwenyewe."

Nilihisi ni mtego. Kwa nini amwondoe mtu anayejua kila kitu?

"Unaumwa?"

"Kidogo tu, daktari."

"Basi nenda nyumbani."

Nikasimama. Goti likagoma, nikashika meza. Hakuinuka. Alinitazama tu, kama mwalimu wa zamu anayesubiri ukweli utoke wenyewe.

"Huku kwa wakubwa ukiniambia kidogo, nitakutibu kidogo. Haya, unaumwaje?"

"Sana."

Na machozi yakanitoka, mbele ya mtu nisiyemjua.

Hakuna aliyenipa boksi. Nilipewa dawa, maji mengi ya kunywa na kitanda kinachonitosha, nikalala mpaka mchana.

Bado simwamini. Labda alikuwa ananipima. Labda siku nyingine nitamkuta daktari mwingine, nami nitasema "sana" aone ninadeka. Sista hakuhitaji kuniuliza. Aliniangalia tu usoni. Au ndivyo nilivyodhani? Siku zile nilipokuwa nikijikaza kwa ajili ya boksi, alikuwa akiona nini?

Jioni mama alikuwa anasonga ugali. Akauliza bila kugeuka, "Goti vipi sasa?"

Neno "kidogo" lilishafika kwenye ulimi. Nikalimeza.

"Linauma sana, mama. Hata siku ninazosema haliumi, huwa linauma."

Mwiko ukasimama. Akageuka.

"Tangu lini?"

Nikavuta kigoda karibu na moto, nikaanza kumwambia.