Wanafunzi Sitini na Mmoja wa Darasa la Kungoja

Nyumba namba 27, chumba cha mbele,
Mtaa wa Nyuma ya Soko,
Jumapili, tarehe 14 Septemba.

Mpendwa Shangazi,

Pokea salamu zetu sote wa nyumba hii. Goti lako linaendeleaje? Barua yako ya mwisho ilisema unapanda ngazi za wodi huku umeshika ukuta, na tangu siku hiyo mama kila akiona ngazi anakutaja. Tafadhali kubali kuhamishiwa wodi ya chini, usione haya. Wauguzi nao wana magoti.

Sisi hatujambo. Kifua cha mama kimetulia, hakohoi tena asubuhi. Mdogo wangu amerefuka mpaka suruali zake zote zimekuwa kaptura, na bado anakataa kukubali kwamba anakula kupita kiasi. Mimi ni mzima wa mwili. Ya moyoni ndiyo yaliyonikalisha hapa na kalamu.

Ningekupigia simu, lakini mama yupo chumba cha pili na ukuta wetu unaujua, ukipiga chafya huku unaombewa afya kule. Haya ninayokuandikia hayajui. Naomba yabaki kati yetu mpaka nitakapopata ulimi wa kumwambia mwenyewe.

Shangazi, ninaogopa. Sijawahi kuogopa hivi tangu siku ya mtihani wa mwisho wa sekondari, na siku ile angalau nilikuwa nimesoma.

Unakumbuka niliajiriwa mwezi wa kwanza katika ofisi ya usajili ya chuo kikuu, kwa majaribio ya mwaka mmoja. Mama ameutangazia mtaa mzima. Fundi cherehani wa hapa jirani ananiita Profesa, na mimi kazi yangu ni kukaa nyuma ya kaunta namba tatu na kugonga mihuri. Ukimaliza mwaka bila doa, Msajili anasaini fomu na unakuwa karani wa kudumu. Ukiwa na doa, unashukuriwa kwa utumishi wako.

Mwaka huu chuo kimebadilisha mfumo wa kompyuta. Ule wa zamani ulikuwa na skrini ya kijani na ulikuwa mzito kama gunia la maharage. Huu mpya una rangi nzuri na unafanya kila kitu: usajili, matokeo, mabweni, vitambulisho. Aliletwa mtaalamu wa kutuhamisha, kijana mchangamfu ambaye kila ukimuuliza jambo anajibu, "Bofya tu." Tukamwita Bwana Bofya, na yeye hakuchukia. Alikuwa anatuletea karanga.

Kazi ya kuhamisha ilikuwa hivi. Kila karani alipewa orodha aipitie, aseme kipi kihamishwe na kipi kifutwe, kisha asaini ukurasa wa nne chini ya maneno "Nimehakiki." Mimi nilipewa orodha ya madarasa. Yalikuwa arobaini na mawili, yote yana majina, yote ninayajua. Halafu mwisho kabisa, peke yake, kulikuwa na Darasa la 99. Halina jina, halina mhadhiri, halina ratiba. Ndani yake watu sitini na mmoja.

Nilimwita Bwana Bofya. Akainama juu ya bega langu, akauliza, "Hili lipo kwenye kitabu cha masomo?" Nikafungua kitabu, nikatafuta, halipo. "Basi ni takataka za majaribio," akasema. "Kila mfumo wa zamani una takataka zake. Bofya futa."

Nikabofya. Nikasaini ukurasa wa nne. Wiki mbili baadaye mashine ya zamani ikazimwa na kusafishwa yote, kama mkataba ulivyotaka.

Nilikuwa na mtu wa kumuuliza, Shangazi. Hilo ndilo linaloniuma. Kabla yangu kaunta namba tatu ilikuwa ya mama mmoja aliyeikalia miaka ishirini na sita, wote wanamwita Mama Kadi. Alistaafu mwezi wa tatu. Siku ya kuondoka aliandika namba yake ya simu kwenye karatasi, akaibandika ndani ya mlango wa kabati na kuniambia nisione aibu. Nami nikaona aibu. Nilitaka ionekane kwamba mtoto wa kaka yako hafundishwi kazi kila siku.

Jumanne iliyopita, siku ya pili ya usajili, alikuja binti mmoja na mtoto mgongoni. Akanipa namba yake ya mwanafunzi. Nikaiandika. Mfumo ukasema hayupo. Nikaiandika tena polepole, ukasema vilevile.

"Dada, mimi nipo hapa," akaniambia. "Angalia vizuri."

Nikamwambia mfumo hauna mtu kama huyo. Nyuma yake foleni ilikuwa imefika mlangoni, na kijana mmoja akapayuka, "Mwambie akazaliwe upya!" Watu wakacheka. Yule binti hakugeuka. Alibaki ananitazama mimi, na mtoto naye akachungulia begani akanitazama. Akasema alisimama mwaka mmoja kwa ajili ya kujifungua, akapewa barua, barua ikapotea walipohama nyumba. Amebakiza mwaka mmoja awe mwalimu.

Nilimwambia arudi Jumatatu. Nilisema kwa sauti ya kiofisi kabisa, kama mtu anayejua Jumatatu kutakuwa na nini. Usajili unafungwa Ijumaa ijayo.

Jumatano nikaingia stoo. Huko kuna makabati ya chuma yenye kadi za wanafunzi, kadi za karatasi ngumu zilizoanza kabla hata ya hiyo skrini ya kijani. Nikaitoa ya kwake. Juu pembeni, kwa kalamu ya risasi, kulikuwa na mwandiko mdogo wa Mama Kadi: "99. Uzazi. Akirudi, mwaka wa tatu, Ualimu B."

 Nilikaa juu ya boksi la karatasi za printa, nikakaa mpaka mtu akaja kuuliza kama ninaumwa.

Alhamisi, wakati wa mapumziko, nilitoka nje ya lango la chuo nikampigia Mama Kadi. Nilipolitaja Darasa la 99 akacheka kwanza, kwa furaha ya mtu aliyekumbushwa kazi yake.

"Hilo darasa langu mwenyewe hilo! Darasa la Kungoja. Mfumo ule ulikuwa bubu, mwanangu, ulijua mambo mawili tu, anasoma na amemaliza. Sasa mwenye mimba nimweke wapi? Aliyevunjika mguu nimweke wapi, mfukoni? Nikawajengea darasa lao. Wakirudi, unaangalia kadi, unawarudisha walikotoka. Wamo wangapi sasa hivi?"

Nikasema sitini na mmoja. Halafu nikasema nimewafuta.

Akaacha kucheka. 

"Wewe mtoto," akasema, bila kupandisha sauti. "Na kadi ziko wapi?"

Shangazi, hapo ndipo nilipokumbuka. Kadi zilikuwa zinaondoka kesho yake. Mfumo mpya hauzihitaji, stoo inataka kuwa chumba cha mikutano, na kiwanda cha karatasi kilikuwa kinaleta lori Ijumaa saa nane kuzichukua zikasagwe. Tangazo lilikuwa ukutani wiki nzima. Mimi mwenyewe ndiye niliyelibandika.

Kitu cha kufanya kilikuwa wazi. Niende kwa Msajili, niseme. Nilikwenda mara mbili. Mara ya kwanza nilifika mlangoni nikamsikia anamgombeza mtu kwa ajili ya muhuri uliogongwa kichwa chini, nikarudi. Mara ya pili katibu wake akaniuliza shida yangu ni nini, nikajikuta nimeomba pini za karatasi. Akanipa boksi zima. Lipo hapa mezani.

Ijumaa asubuhi Msajili akasafiri kikazi mpaka Jumatatu. Saa nane kasoro robo nikalisikia lori linarudi nyuma uani. Stoo ina mlango wa chuma na ufunguo mmoja tu, wa pili ulipotea kabla sijaajiriwa. Huo uliobaki unakaa kwenye msumari nyuma ya kaunta yangu. Sikufikiri hata kidogo. Mkono wangu uliuchukua, nikainama kama mtu anayefunga kamba za kiatu, nikautia kwenye soksi.

Ofisi nzima ikautafuta. Na mimi nikautafuta! Niliinua mazulia, nikapekua droo, nikamulika chini ya kabati kwa simu, na kila hatua ule ufunguo unanichoma kifundo cha mguu. Dereva wa lori alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Chuo kizima cha wasomi," akasema, "ufunguo mmoja unawashinda!" Mkuu wa kaunta alitaka mlango ukatwe, lakini fundi akasema hagusi mlango wa chuma bila maandishi ya Msajili. Lori likaondoka tupu. Litarudi kesho, Jumatatu, saa tatu.

Kabla ya kutoka, mkuu wa kaunta alisema mbele ya wote kwamba ufunguo hauna miguu, na kwamba Jumatatu ataandika majina ya waliokuwa ofisini. Tulikuwa wanne. Mmoja ni mzee wa usafi, mwenye kuingia stoo kila siku. Wote wakamtazama yeye. Naye akatazama chini, na mimi nikatazama chini.

Tangu Ijumaa chakula hakishuki. Mama anadhani nina mchumba.

Nimeandika mpaka hapa nikitafuta namna ya kukuuliza nifanye nini, na kadiri ninavyoandika ndivyo ninavyoona hakuna swali. Kuna hofu tu. Nikisema, nitakuwa nimekiri mambo mawili, kufuta watu na kuficha mali ya ofisi, na kazi yangu itaishia kesho. Nisiposema, saa tatu mlango utakatwa. Natamani ungekuwa hapa unikalie karibu, hata bila kusema neno.

Jumatatu, saa saba mchana.

Sikuifunga bahasha, naongezea hapa hapa kazini.

Nilifika saa moja kamili. Msajili alikuwa hajafungua hata pochi yake. Nilikuwa nimekariri maneno ya kuanzia, yakapotea yote, nikaweka ufunguo mezani na nikasema, "Si mzee wa usafi." Halafu mengine yakatoka hovyo, ya mwisho kabla ya mwanzo, mpaka akanisimamisha na kunitaka nianze upya. Nilianza upya. Nikaomba kukaa, akasema sijamaliza.

Aliuliza jambo moja tu: wangapi. Nikamwambia. Akanyanyua simu, akaagiza lori lisije, kisha akamwita mkuu wa kaunta akamwambia wazi nani aliuchukua ufunguo. Mzee wa usafi alikuwa anapita na ndoo. Alisimama, akanitazama kwa muda mrefu, akaendelea na korido yake. Hajanijibu salamu mpaka sasa.

Kuhusu mimi Msajili hajasema. Nilipojikaza kuuliza, alijibu, "Kwanza nirudishie watu wangu. Wewe tutakuzungumzia Ijumaa." Bwana Bofya ameitwa, uso umemsawajika, leo hana karanga wala hasemi bofya. Mama Kadi naye amekuja kwa hiari yake, kavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine, anazisoma kadi kwa sauti na mimi ninaandika. Makabati ni kumi na manane. Tumewapata ishirini na tatu. Baadhi ya maandishi ya kalamu ya risasi yamefutika, na hatujui kama wote watasomeka kabla usajili haujafungwa. 

Saa nne alikuja yule binti na mtoto wake. Nilimsajili kwa mkono, kwenye karatasi, Msajili akatia sahihi. Nikamwambia ni kosa langu, si la mfumo. Hakunipa pole wala hakunitukana. Alivuta karatasi kutoka kwenye pedi yangu akaniambia nimwandikie jina langu, ili likitokea tena ajue wa kumshika. Nikamwandikia majina yangu yote matatu, kwa herufi kubwa.

Nisalimie mume wako, na wale pacha waambie barua yao yenye picha ya twiga nimeibandika ukutani. Msalimie pia bibi wa nyumba ya jirani yako anayenitumiaga dua. Wiki hii azizidishe.

Mungu akupe nguvu ya magoti na zamu zisizo na misiba, na akukutanishe na sisi tukiwa wote salama.

Ni mimi, mtoto wa kaka yako, anayekupenda sana na kukuogopa kidogo,

Sisimizi