Mahali Alipolazwa

Jumatatu, 14 Aprili 2025
Mchungaji Anton kaniita. Pasaka alfajiri nihubiri mimi, palepale makaburini, kama desturi yetu Wamoravian. Vijana wameona kwenye simu zao kwamba wale wanawake walioenda kaburini kwa Yesu walikosea kaburi tu, wakakuta jingine tupu. Anasema mwalimu wa historia ndiye wa kuwajibu. Mwalimu mstaafu! Nimekubali. Hoja ninazo tele. Imani ndiyo sina, tangu tumzike binti yetu Julieth Novemba.

Jumatano, 16 Aprili
Nimeandaa. Marko 15:47 — wanawake wawili walipaona mahali alipolazwa. Kaburi la Yusufu wa Arimathaya, mtu wa baraza, si la kupotea. Kama wangekosea, wakuu wangeonyesha la kweli, maneno yakaisha. Na mtunga uongo asingewaweka wanawake mbele, enzi zile ushahidi wao ulidharauliwa. Imara kabisa. Nimesoma kwa sauti — kama natangaza bei ya tumbaku.

Mke wangu Agnetha alikuwa anachambua matembele, akasikiliza. Akasema Jumamosi nimpeleke akasafishe kaburi la mwanetu. Hajawahi kuliona. Siku ya mazishi alikuwa amelazwa Tabora, kapasuliwa tumbo, na baadaye hakutaka hata kusikia. Leo mke wangu anataka kitu!

Ijumaa Kuu, 18 Aprili
Baada ya ibada nimetangulia kufyeka njia. Mungu wangu. Msalaba umeliwa na mchwa. Masika imeshusha matuta, nyasi kiunoni. Chini ya ule mti wa mtundu yako makaburi mawili, urefu sawa. Lipi? Siku ile niliinamisha kichwa, sikutazama kitu. Alipolazwa Bwana miaka elfu mbili iliyopita naweza kueleza. Alipolazwa mwanangu sijui! Nimelia kwa hasira.

Adriano aliyechimba kahamia Igunga, simu haipatikani. Mzee Mahona, aliyekuwepo mazishini, kasema ni la upande wa barabara. Kafikiri. Kasema hapana, ni lile jingine.

Agnetha sijamwambia.

Jumamosi, 19 Aprili
Nimeonyesha la upande wa barabara. Kwa kidole changu hiki. Nilitaka kusema sijui — alikuwa ameshapiga magoti. Kang'oa nyasi kwa mikono, kapaka chokaa, kaongea na Julieth kwa Kinyamwezi mpaka sauti ikakauka. Njiani akaniambia sasa anaweza kuamini atafufuka, maana ameona alipo. Kala ugali wote! Tangu msiba sijamwona akila hivyo. Na mimi kesho nisimame niwaambie watu kwamba mashahidi hawakukosea. Sina uso wa kusimama nao.

Hodi nje. Ni Lugembe, fundi baiskeli. Namsikia anamwamkia Agnetha shikamoo. Anasema kakuta kaburi la mama yake limepakwa chokaa vizuri, ameambiwa ni sisi, kaja kushukuru.



Agnetha anamjibu taratibu kwamba amechanganya, lile ni la binti yetu. Lugembe anasema samahani mama, nilimzika kwa mikono yangu. Agnetha anacheka! Kicheko chake kile cha zamani. Anasema usibishane na mimi mwanangu, mimi sikuwepo. Baba Julieth alikuwepo. Ngoja nimwite.

Ananiita.

Namsikia anamvutia Lugembe kigoda. Anaita tena.