Kicheko cha Mama Neema

Kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Jumanne, 12 Mei 2009

Eti anacheka, kwa hiyo amepona. Ndivyo alivyoamua Annet, mshauri wetu kutoka Mbarara, baada ya Mama Neema kumsimulia kifo cha mumewe kule Kivu huku akicheka.

"Mzee, nafasi yake ya ushauri tumpe mwingine," akaniambia.

Iliniudhi. Nikamwambia tu kwamba huzuni haina sura moja kila mahali, na mshauri asiyejua huuliza. Tukarudi pamoja kwa Mama Neema.

Annet alikaa mkekani. "Mama, mbona unacheka?"

"Nikilia, batoto banakataa kula," akajibu, bado anacheka.

Kisha, bila mimi kumfundisha, Annet akauliza, "Na wakishalala?"

Hapo mama akaacha kucheka. Nafasi yake haiguswi.