Mikono Miwili kwa Baba Mkwe

Shoga, si uliniambia nikikutana na baba yake mchumba wangu nimsalimu kwa mikono miwili? Nimemsalimu. Kwenye kinena.

Usicheke! Nafungua pazia wodini, mgonjwa aliyewekewa kibomba kwenye mshipa wa moyo ni YEYE. Mrija waliopitishia kibomba hicho umetolewa juu ya paja, damu inatoka, muuguzi ni mimi peke yangu. Nikabonyeza hapo kwa mikono miwili kuizuia. Dakika ishirini!

"Shikamoo baba." "Marahaba." Kisha wote tukatazama dari.

Dakika ya kumi: "Wewe si yule wa kwenye picha ya mwanangu?" Nikashtuka, nikalegeza mkono. Damu hiyo!

Nikamlalia kwa uzito wangu wote mpaka ikakoma. Hata uvimbe wa damu chini ya ngozi hakuna.

Akashusha pumzi: "Siku utakayokuja nyumbani, mkwe, nisalimie kwa mdomo tu."

AMENIITA MKWE!