Mtu Asiye na Jina na Jina Lisilo na Mtu

Jumamosi, 6 Julai

Kitabu kimefika! Malologa mwenzangu wa kwaya amekileta mwenyewe hapa kwenye cherehani, amekiviringisha kwenye kitambaa cha lavalava kama kitoto kichanga. Jalada hakina. Kurasa za mwanzo hazipo. Jina la mwandishi tutalijua mbinguni. Kilitoka kwenye boksi la mitumba ya Auckland, katikati ya vitabu vya mapishi. Sisi wanawake wa kwaya tunasoma kitabu kimoja kwa zamu, halafu tunagombana. Kawaida ni hadithi za mapenzi.

"Safari hii hakuna hata busu moja, dada," kaniambia. "Maiti na theluji tu. Mimi nimelala taa ikiwaka."

Nikacheka. Nikaanza kusoma huku pindo la gauni la Mama Mchungaji likinisubiri. Treni imeanguka kwenye nchi ya baridi. Mwanamume mmoja anatambaa nje, kaumia kichwa, jina lake halikumbuki. Kijijini mama mjane anamwona na kupiga kelele: Mwanangu! Mwanawe alikuwa kwenye treni hiyohiyo. Na huyu mgeni, kwa baridi na njaa — anaitika.

Anaitika! Nikaweka kitabu chini. Mimi ningefanyaje? Ndani kuna moto, kuna supu. Nadhani ningeitika. Ila kwanza ningeuliza ni supu ya nini.

Jumapili, 7 Julai

Kanisani vizuri. Sauti ya pili tulipotea kwenye ubeti wa tatu, lakini tulipotea pamoja.

Baada ya chakula, simu. Shangazi Fa'apusa, kutoka kisiwa cha Savai'i. Shangazi huwa haamini kwamba simu inapitisha sauti, kwa hiyo anapaza yake ivuke bahari yenyewe. Majirani wote wamesikia. Ukoo umekaa. Jina letu kuu, Lauvaotele, la kiongozi wa ukoo, lipo bila mtu tangu Mjomba Aukuso atuache. Sasa wanataka nilibebe mimi.

Mimi!

Nikamwambia, shangazi, mimi ni fundi nguo. Akasema Mjomba Aukuso alikuwa anauza matairi. Nikamwambia yupo Lafaele, kaka yangu, mwanamume, mkubwa kwangu. Akasema Lafaele yuko Auckland, na nani alimwogesha Aukuso alipokuwa hawezi kuinuka? Nani anakuja kwenye kila msiba na mikeka? Kikao ni Jumamosi, Lafaele anakuja pia. Akakata. Hakuaga — kuaga anaona ni kupoteza hewa.

Nimekaa. Nikilichukua jina, ndilo nitakaloitwa basi. Malologa ataniita Lauvaotele. Mhudumu wa benki ataniita Lauvaotele. Sime ataenda wapi? Marehemu mume wangu aliniita Sime mpaka pumzi ya mwisho. Binti yangu ananiita Mama, sokoni naitwa Mama Cherehani, kwenye kwaya mwalimu ananiita Wewe Hapo. Yote naitikia. Sijawahi kujiuliza ni nani hasa anayeitika.

Kitabu kibaya hiki. Kinamwingiza mtu mawazo ya ajabu siku ya Bwana.

Jumanne, 9 Julai

Mvua kutwa. Wateja hakuna. Nimesoma kwa raha zangu, kakao nzito pembeni.

Giza tupu humo ndani! Yule mgeni amepewa kitanda cha yule mwana, buti za yule mwana na kazi ya yule mwana. Kazi yenyewe ni kuvunja barafu ya mto kila asubuhi na kukipelekea kijiji maji. Watu wanakufa ovyo. Padri kafa. Mwalimu kafa. Hata farasi! Farasi nimemlilia kuliko padri, Mungu anisamehe.

Usiku jamaa anajificha zizini na kutaja majina, moja baada ya jingine, asikie lipi litamkaa. Anajiuliza: kabla ya treni nilikuwa nani? Na kama nilikuwa mtu mwovu? Na kama sikuwa na kazi yoyote duniani, na hii ya maji ndiyo ya kwanza?

Hapo niliacha kusoma. Mimi nashona nguo. Nimemwona mtu akiingia nyuma ya pazia amesinyaa, akatoka na gauni jipya la puletasi akitembea kama mke wa waziri. Nani kambadilisha? Kitambaa hakina roho. Labda huyo anayetembea vile alikuwemo siku zote, ila alikosa mtu wa kumpima. Au labda hakuwemo. Labda nguo ndiyo iliyomfundisha kutembea.

Sijui. Lakini mwandishi naye hajui, naona. Anazunguka zizini na mtu wake kurasa na kurasa. Kidogo nimwonee huruma, pengine naye alikuwa na shangazi.

Alhamisi, 11 Julai

Nimemaliza! Nimemaliza hapahapa dukani, na Mama Mchungaji akanikuta nalia. Akadhani nimeunguza nguo yake kwa pasi.

Mjane yuko kufani. Jamaa anapiga magoti akiri kwamba yeye si mwanawe. Mama anamwambia: Najua. Mwanangu nilimwona amelala relini kabla sijakuona wewe. Lakini kijiji kilitaka maji, na wewe ulitaka mahali pa kuingia. Basi nikapiga kelele.

Alijua tangu siku ya kwanza!

Halafu anakufa (bila shaka). Jamaa anatoka na sululu hadi mtoni. Anasimama juu ya barafu. Kitabu kinaishia hapo. Kama atavunja au ataondoka — hatuambiwi!

Jioni kwenye mazoezi tumegombana mpaka mwalimu wa kwaya akatishia kuleta kwaya ya wanaume. Malologa amewaka: Huyo mama ni mwizi! Amemwibia mtu maisha yake akampa ndoo! Mimi nikasema alimpa nyumba. "Nyumba yenye masharti," akasema. Nikamuuliza ni nyumba gani aliyowahi kuishi isiyo na masharti. Wanne wakapiga makofi. Malologa hakucheka.

Tukiwa njiani akanishika mkono. "Sime, nakuuliza kama rafiki. Ukoo unakupenda, au unatafuta mtu wa kuvunja barafu?"

"Samoa hakuna barafu," nikamwambia.

Tukacheka. Lakini swali limenifuata mpaka nyumbani, likaingia, likakaa kitini.

Ijumaa, 12 Julai

Lafaele amekuja! Nimempokea uwanja wa ndege. Amenenepa, mvi zimeanza, kicheko kilekile cha kuamsha mbwa. Kaniinua juu mbele ya polisi. Mizigo yake ni nyama za kopo na nguo za watoto wa ukoo mzima.

Chakula cha jioni kila mmoja akamzunguka mwenzake kwa maneno. Mpaka akasema mwenyewe.

"Sime, nisikufiche. Nalitaka lile jina."

"Nilijua."

"Ulijuaje?"

"Umekula magimbi mawili tu. Wewe!"

Akacheka, halafu akanieleza. Kule anafanya kazi kwenye ghala la vyakula vya baridi. Siku ya kwanza msimamizi alishindwa kuandika Lafaele, akamwandika Ralph kwenye kadi ya kifuani. Msimamizi alishaondoka. Kadi imebaki. Wote wanamwita Ralph, na ni watu wema, hana ugomvi nao. "Lakini dada, juzi nimejikwaa kwenye ngazi nikiwa peke yangu, nikajisikia nasema: pole, Ralph."

Amesema kwa mzaha. Nikacheka kwa sababu alitaka nicheke. Kisha nikainuka nikaosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Mimi najiuliza kama nitampoteza Sime. Yeye Lafaele wake ameshapotea, na anamtafuta. Nani mwenye haki zaidi?

Nimemsimulia kitabu. Alisikiliza chote bila utani hata mmoja. Mwishoni kauliza: "Huyo jamaa alivunja barafu au hakuvunja?" Nikamwambia haikuandikwa. Akasema mwandishi huyo apigwe.

Jumamosi, 13 Julai

Naandika na kipande cha penseli, nyuma ya daftari la nyimbo, na niko wapi nitasema baadaye.

Feri ilitupa tabu. Lafaele katapika, mimi sikutapika, nimemkumbusha kila baada ya muda mfupi. Savai'i jua. Nyumba ya ukoo imepambwa, watu wamejaa, kila nguzo ina mtu aliyeiegemea. Kava, kinywaji chetu cha vikao, imenywewa kwa heshima zake. Halafu mambo yakaharibika.

Binamu Talosaga akaanza: mwanamke hawezi. Shangazi Fa'apusa akamuuliza ni nani aliyemzaa yeye, mtumbwi? Upande wa mashariki wakamtaka Lafaele. Upande wa jikoni wakanitaka mimi. Watu wakafufua mambo ya mipaka ya mashamba kutoka enzi za Wajerumani. Kelele! Na Lafaele katikati ya kelele akasimama akasema, "Jamani, tulieni, dada yangu amesoma kitabu."

Nilitamani ardhi inimeze. Lakini walinyamaza, wote wakinitazama, basi nikasimulia. Treni, mjane, maji, farasi.

Mungu wangu, walivyosikiliza! Kwenye farasi mzee mmoja alijifuta macho. Nilipofika mwisho ukoo mzima uligawanyika upya, kwa mistari mingine kabisa! Talosaga akawa na upande wa jikoni. Ati mjane alifanya sawa, kijiji bila maji si kijiji. Mke wa Talosaga akasema la, mtu hawi mtu kwa sababu ana faida, mtoto mchanga ana faida gani? Mmoja akauliza kwa nini hawakuchimba kisima. Walitaka kusema wote, nikajikuta nawapangia: wewe kwanza, halafu wewe, mama yule hajasema bado, mwacheni amalize. Wakanitii. Talosaga alinyoosha mkono akaomba ruhusa yangu!

Na mimi — hapa naandika ukweli — nilipenda. Si kidogo. Mgongo ulinyooka wenyewe. Nilikuwa naisikia nyumba nzima kama ninavyoisikia kwaya siku sauti zote nne zimekaa.

Mwishoni Shangazi Fa'apusa akasema, mjane hana kosa kwa kumwita. Kosa lake ni moja: hakumuuliza anataka nini. Akanigeukia mbele ya wote, akaniita kwa jina zima. "Basi mimi nakuuliza, Simeaneva. Acha tunachohitaji sisi. Wewe unataka nini?"

Lafaele yuko mbele yangu, ametazama mkeka, na anazungusha kidole pale kifuani, mahali kadi inapokaa akiwa kazini. Hajui kama anafanya hivyo.

Nikafungua kinywa. Nikasema nataka kwenda chooni.

Kicheko! Paa lilitikisika. Ndiko niliko. Choo cha shangazi, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, daftari gotini.

Nilikuja hapa nitafute namna ya kukataa kwa adabu. Nimepanga maneno, mazuri kabisa, ya unyenyekevu. Na kila nikiyarudia yananibana kwapani. Kwa sababu nalitaka. Nalitaka lile jina! Si kwa ajili ya Mjomba Aukuso, si kwa kuwa niliwaletea mikeka. Sikuwa najua mpaka leo saa nilipowaambia watu wazima wasubiri zamu yao. Malologa atanicheka mpaka Krismasi.

Na Lafaele je? Majina ya ukoo hugawanywa, nimeona koo nyingine zikiwavika wawili, hata watatu. Letu halijawahi. Mjomba Aukuso alisema likigawanywa litakuwa kama supu ya hotelini.

Hatua nje. Mluzi — wimbo wa ufunguzi wa ibada, na amekosea palepale tunapokoseaga sisi. Ni yeye.

"Sime, umefia humo?"

Nikamwambia aende zake.

"Siwezi. Shangazi ameniuliza na mimi swali lilelile."

"Ukasemaje?"

"Nimesema na mimi tumbo."

Nimecheka mpaka ndoo imeyumba. Yeye pia anacheka, namsikia ameegemea mbao. Kutoka nyumbani wanaimba sasa, wamechoka kutungoja. Halafu kicheko chake kimekwisha, na changu kimekwisha.

"Lafaele," nikasema. "Nina jambo la kukuambia."

"Na mimi ninalo."

"Anza wewe."

"Wewe ndiye mdogo, anza."

Hakuna anayeanza. Mlango uko katikati yetu, komeo liko upande wangu, na naiweka penseli chini nilifungue.