Wafuga Kuku Walionifundisha Ubongo

Njombe, Jumatano. Ukungu haujainuka tangu alfajiri, na miti ya ng'ambo ya barabara siioni. Nimevaa makoti mawili, chai imepoa, na nina hasira.

"Maprofesa wa miaka ile ya soko huria walikuwa wafuga kuku waliofundisha wakipata nafasi. Usituletee habari zao hapa."

Hayo aliniandikia jana mwenzangu mmoja wa chuo, kwenye kundi letu la simu la tuliosomea ualimu pamoja. Tulikuwa tukibishana juu ya mwanafunzi wa kidato cha kwanza, hapa hapa mkoani, aliyerudishwa nyumbani kwa sababu ana kifafa. Mkuu wa shule yake ni mmoja wetu, naye yumo kundini, amenyamaza. Mwenzangu anaona mkuu huyo amefanya sawa. Nikasema hatukufundishwa hivyo. Ndipo akaniletea kuku.

Basi tuanze na kuku. Ni kweli walifuga. Maduka yalikuwa yamejaa bidhaa na mishahara ya wahadhiri haikufika katikati ya mwezi. Dokta Fuvu aliingia ukumbini na manyoya kwenye sweta la mtumba, akaanza kueleza mishipa ya fahamu bila hata kujipangusa.

Tulimwita Dokta Fuvu kwa sababu alibeba fuvu la plasta ndani ya kikapu cha sokoni. Mfupi, mwenye haraka, anaongea kama anayekimbizwa. Kwake kila kitu kilianzia kichwani, hata mapenzi. "Moyo ni pampu," alikuwa akituambia. "Aliyekuacha, amekuachia ubongo. Soma!"

Mama Subira, profesa wetu wa saikolojia, alikuwa kinyume chake kabisa. Aliuliza swali moja, akakunja mikono, akangoja. Alingoja mpaka benchi zikaanza kulia kwa jinsi tulivyojinyonganyonga. Hakuwahi kumsaidia mtu kujibu. Wakati ule nilimwona mkatili. Leo, kila ninapoona mtu anamkatiza mtoto, namkumbuka.

Nimewakumbuka usiku kucha. Ajabu, sikukumbuka nadharia hata moja. Nilikumbuka Makambako.

Nilipangiwa mazoezi ya kufundisha huko, katika shule ya bweni ya wasichana. Wale wawili wakaja pamoja kutoka Dar kunikagua, wamejaa vumbi, gari lao limewaharibikia njiani mara mbili. Nilikuwa nafundisha jiografia, nimeshachora mto ubaoni, wao wamekaa nyuma na karatasi zao.

Katikati ya somo Yusta akaanguka.

Yusta alitoka Manda, mbali huko ziwani, kwenye familia ya wavuvi. Alikuwa na akili kali na mdomo mkali zaidi. Alikuwa amewahi kuanguka bwenini, na mkuu wa shule alikwishatamka kwamba ana pepo, na akianguka tena anafungasha. Na ukishamfungashia mtoto wa Manda virago kutoka Makambako, msijidanganye, harudi.

Darasa zima likakimbia. Walipita mlangoni, walipita madirishani, wamebana pua na kushika pumzi, kwa maana kila mmoja alikuwa amefundishwa kwao kwamba mwenye kifafa akijamba ukavuta hewa ile, umekipata. Nikabaki mimi, mto wangu na madawati. Mhasibu wa shule akaja mbio na kijiko cha kumtia mdomoni.

"Weka kijiko chako mfukoni, baba!" Dokta Fuvu alishafika chini, magoti yake kwenye sakafu. Akanituma nisogeze madawati. Hakumkandamiza. Akavua lile sweta, akalikunja chini ya kichwa cha Yusta, na msichana alipotulia akamlaza ubavu, taratibu, kama mtu anayegeuza yai.

Kisha akainua uso kuelekea madirishani, penye macho arobaini.

"Ushuzi unaleta harufu! Hauleti kifafa! Rudini mkae!"

Hakurudi mtu.

Kesho yake asubuhi alinichukua mpaka buchani kwa Mzee Shabani, pale sokoni, kutafuta kichwa cha ng'ombe chenye ubongo mzima.

"Mzima?" Mzee Shabani akacheka mpaka akaegemea gogo. "Profesa, sisi kichwa tunapasua kwa shoka. Ukiutaka mzima, mbembeleze ng'ombe akuvulie."

"Ng'ombe wako mkaidi. Nipe msumeno."

"Dar mmekosa nyama kiasi hicho, shehe wangu? Haya, kata mwenyewe, ila usinikatie na meza."

Akakata mwenyewe, anatokwa jasho kwenye baridi ile. Ubongo ukaingia kwenye sinia, sinia likaingia bwaloni, mbele ya shule nzima na mkuu wake. Akaeleza jinsi ubongo unavyofanya kazi kwa umeme mdogo, na jinsi umeme huo ukivurugika mwili unavyoanguka, na kwamba kuna vidonge vya hospitali vya kumezwa kila siku. Halafu akamsogezea mkuu wa shule sinia.

"Nionyeshe pepo amekaa wapi."

Mkuu alikuwa mzee wa heshima zake. Akasema yeye hana neno, ila wasichana hawatakubali kulala bweni moja na Yusta, na wazazi watawaondoa.

Dokta Fuvu alifungua mdomo. Mama Subira akamgusa mkono, akasimama, akawageukia wasichana.

"Nani atalala kitanda cha jirani na Yusta?"

Akakunja mikono.

Nilizijua zile subira zake, lakini sikuwahi kuona ndefu kama ile. Malori ya Songea yalipita. Yusta alikuwa amekaa mbele, anatazama viatu vyake, na mimi nilikuwa naomba Mungu yule mama aseme chochote, hata mzaha.

Mwisho sauti moja kutoka nyuma, sauti ya kukereka: "Mimi nitalala naye. Lakini asikorome!"

"Wewe ndiye unakoroma, Edina!" Yusta akajibu papo hapo. Bwalo likacheka, na mkuu wa shule akatazama dirishani, akasema haya, abaki.

Akabaki. Akamaliza.

Sijui maprofesa wa leo wanafuga nini. Ninachojua ni kwamba wale wawili, kwa mshahara wa aibu, hawakuondoka Makambako mpaka mtoto mmoja amepata mahali pa kulala. Anayetaka kuniambia hayo ni masomo ya Wazungu yasiyomfaa mtu wa huku, aniambie uso kwa uso.

Sasa naandika kwa wakuu wa shule wa Njombe na Makambako mliokaa benchi moja na mimi. Mlifundishwa. Msijifiche nyuma ya wazazi, wala nyuma ya bodi ya shule. Na wewe uliyenyamaza kundini, unajijua: usinijibu mimi. Mpigie simu mama yake mtoto leo, mwambie kitanda kipo, na kesho kutwa awe darasani.