Vitaji Hawajaja Mwaka Huu

Duluth, Jumapili, 28 Septemba

Mdogo wangu Lempi,

Hujambo? Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila goti linanisumbua nikipanda ngazi.

Jana ulikosa! Upepo ulivuma kutoka kaskazini-magharibi, na mwewe wakamiminika juu ya mlima kana kwamba wamefunguliwa geti. Elfu moja mia mbili kabla ya chakula cha mchana! Nilishangilia mpaka kofia ikadondoka.

Ila kuna jambo. Vitaji wetu, wale ndege wadogo wa utosi wa njano wanaokuja kwenye misonobari yangu kila vuli, hawajaja. Sijasikia hata mmoja. Nimesoma mtandaoni hadi macho yakauma: ndege wanapungua kila mahali. Basi tarehe 11, kwenye mkutano wa chama chetu cha watazama ndege, nasimama kutangaza kwamba vitaji wametoweka. Nimeshaandika kurasa mbili. Mimi ndiye masikio ya chama, wataniamini.

Njoo wikiendi ijayo tukusanye majani uani. Njoo na reki yako, na visingizio vya mgongo uviache huko huko.

Kaka yako,
Urho

Minneapolis, Jumatatu, 6 Oktoba

Kaka yangu,

Salamu nyingi. Nimefika salama, ingawa mgongo umekoma kwa majani yako.

Nina neno limenikaa kooni tangu jana. Ulipokuwa unarundika majani ulisema, "Sikia ukimya huu, Lempi. Ndiyo wamekwisha hivyo." Nikadhani unatania. Kaka, walikuwepo! Nilihesabu kumi na mmoja kwenye msonobari, juu kabisa ya kofia yako, wanalia tsii-tsii-tsii bila kupumzika. Nikakutazama usoni, nikaona hutanii, nikaogopa kusema.

Leo asubuhi nimesoma mtandaoni kwamba watazama ndege wakizeeka, sauti nyembamba ndizo zinazoondoka kwanza masikioni, na ya kitaji huwa mbele ya zote. Ndege hawajapotea. Tafadhali usisimame Jumamosi. Nenda kapimwe.

Mdogo wako akupendaye,
Lempi

Duluth, 7 Oktoba

Lempi,

Salamu. Mimi mzima, na masikio yangu mazima vilevile. Namsikia jirani akikoroma madirisha yamefungwa! Tangu utotoni orodha yangu ya ndege imeizidi yako, na donda hilo halijakupona. Jumamosi nasimama.

Kaka yako,
Urho

Duluth, Jumapili, 26 Oktoba

Mdogo wangu mpenzi,

Hujambo? Usinicheke kwanza, soma.

Sikusimama. Kabla ya mkutano tulitembea kidogo msituni, na Bi Ardis, mwenyekiti wetu, akasema kwa ile sauti yake nzito, "Vitaji hao!" Wote wakainua darubini. Na mimi nikainua, Lempi, nikajifanya nawaona. Akanishika kiwiko taratibu, akanigeuza. "Urho, ni mti ule." Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Kurasa zangu mbili zikabaki mfukoni, na hata mkate wa iliki wa mkutanoni ukanishinda kula.

Juzi nimewekewa vifaa vya kusikia. Leo nimetoka uani, we! Majani yana kelele! Hata suruali yangu inaongea nikitembea! Halafu juu ya msonobari: tsii-tsii-tsii. Nikatupa reki. Nimelia waziwazi, mzee wa miaka sabini na mmoja, jirani akachungulia kwenye uzio.

"Kuna nini, Urho?"

"Vitaji!"

"Kina nani?"

"Vitaji, bwana! Hebu nyamaza usikie!"

Lakini kuna lingine. Mpimaji wa masikio aliniambia sauti nyembamba zinazopotea si za ndege peke yao, hata za baadhi ya wanawake zimo. Tangu mumeo Eino afariki, kila ukija hapa nilikuona umekuwa mkimya. Nikasema ni majonzi, nisikusumbue. Nikawa nakupa mgongo, nakusanya majani yangu. Kumbe miaka yote hiyo ulikuwa unaongea nami.

Njoo Jumamosi, dada yangu. Majani yaache yaoze. Anza na lile neno la kwanza kabisa nisilolisikia.

Kaka yako,
Urho